Mama mkwe Mmormoni amehamia kwangu: chai si shida, kaeni chini muongee kuhusu lile daftari

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Donholm kwa fleti ya vyumba viwili vya kulala. Mama ya bwanangu ametoka Bungoma juu macho yanamsumbua na kliniki iko huku, sasa atakaa na sisi. Ni Mmormoni. Hanywi chai, chini ya kitanda cha watoto amejaza ndoo za maharagwe, Jumatatu jioni anataka tv izimwe, na ako na daftari anaandika majina ya watu walikufa, juzi akaniuliza jina la cucu yangu mzaa mama kule Murang'a. Mimi ni ACK, yaani Anglikana. Jirani ananiambia hao ni waabudu shetani na wanaoa wake wengi. Bwanangu kazi yake ni kusema "mwache mama". Nitaishi naye aje bila kukosana, na nitampea nini cha kufanya siku nzima asichokane na nyumba?

Jibu: Mwanangu, karibu. Nimefundisha sayansi ya nyumbani hapa Nairobi hadi nikastaafu, na kanisani mimi ni mshauri wa historia ya familia, yaani madaftari kama hilo la mama mkwe wako ndiyo kazi yangu. Na mimi ni nyanya pia, na sinywi chai. Kwa hivyo nitakujibu kama mtu anaona kutoka ndani, lakini sitakuficha mahali mama anafaa kukusikiza wewe mwenye nyumba.

Wacha tumalizane na jirani kwanza. Jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Joseph Smith alilianzisha jimbo la New York mwaka wa 1830, na hapa Kenya linatambuliwa na serikali tangu 1991. Hekalu la Nairobi liko Mountain View, liliwekwa wakfu Mei 18, 2025, na kabla ya hiyo siku liliachwa wazi kwa umma, mtu yeyote wa kanisa lolote aliingia akaona na macho yake. Wake wengi kanisa liliacha 1890 na leo mtu akijaribu anafukuzwa. Huko kwao Bungoma shida huwa hata ni kinyume, mzee ako na wake wawili, mafundisho yamempendeza, halafu anaambiwa hawezi kubatizwa na bado anaishi na wote wawili. Kama jirani anataka swali gumu kweli, aulize mbona mpaka Juni 1978 mwanaume mweusi hakuwa anapewa ukuhani kwa hili kanisa. Hiyo ilikuwa hivyo, inauma ukiisoma, na ni sababu moja kubwa tulichelewa kulijua huku Afrika. Hapo tunaweza kukaa tuongee. Hiyo ya shetani ni udaku wa ngazi.

Chai sasa. Inatoka kwa ufunuo tunaouita Neno la Hekima, wa 1833, unakataza pombe, tumbaku na vinywaji moto, na hivyo vinywaji moto kanisa limeeleza ni chai ya majani na kahawa. Si joto lenyewe ndio shida, ndio maana chai ya majani hata ikiwa baridi ya kuwekwa barafu bado hanywi, na uji ukichemka anakunywa. Si kafeini pia, soda anaruhusiwa. Kwa hivyo usijisumbue kununua vitu za bei. Asubuhi chemsha maziwa na tangawizi au masala, mimina yake kwa kikombe au kwa thamosi, halafu ndio utie majani ya wengine kwa ile sufuria iliyobaki, imeisha, hakuna kupika mara mbili. Mchaichai ni sawa, soya ni sawa, chokoleti ya kunywa ni sawa. Busaa hapana, na mkienda kwenu kwa ruracio, ile ya mahari, pombe ya muratina ipite mbele yake tu, hatakuwa anawadharau wazee wenu, na ni vizuri bwanako awaambie mapema ili mtu asimlazimishe mbele ya watu. Mnywe chai yenu mbele yake bila kujificha kama wezi. Nyumba ni yako, na yeye amekaa Kenya maisha yake yote, unadhani hajawahi kaa kwa meza yenye birika?

Ndoo za maharagwe ndio nataka tuongee kidogo kwa urefu, juu hapo naona mama ako sawa kwa wazo na nyinyi mko sawa kwa nafasi. Sisi tunafundishwa kila familia iweke akiba ya chakula, kwanza ya miezi mitatu ya vitu mnakula kila siku, halafu maji, halafu pesa kidogo za dharura, na polepole chakula kikavu cha kukaa muda mrefu kama mchele mweupe, ngano na maharagwe. Lakini mafundisho hayo hayo yanasema usiingie deni sababu ya akiba na usipitilize, uanze kidogo kidogo kulingana na uwezo na mahali unaishi. Hiyo sentensi mkumbushe kwa heshima, anaijua. Vyumba viwili Donholm si ghala la Webuye.

Mimi ningefanya hivi. Tafuta kona moja ya nyumba iwe yake ya akiba, chini ya kitanda ni sawa kama sakafu ni kavu, na mkubaliane ndoo zikijaa pale hakuna kuongeza hadi zingine ziliwe. Kila akinunua mpya inaingia nyuma na ya zamani inavutwa mbele inapikwa, otherwise... ngoja niseme kwa Kiswahili, la sivyo maharagwe yanakaa mpaka yanakuwa mawe, unachemsha mchana kutwa gesi inaisha na bado yanagonga sahani. Unga wa ugali usirundike. Hesabu tu, nyumba yenu ikimaliza pakiti ya kilo mbili kwa siku mbili, miezi mitatu ni pakiti kama 45, na unga hasa ule wa posho una mafuta ya kiini cha mahindi, unaanza kunuka na kuwa mchungu kabla hamjafika nusu. Weka pakiti za wiki chache, kilichobaki kiwe mchele na nafaka nzima. Mahindi kama yanatoka nyumbani yakaushwe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, juu yakiwa na maji maji ndani ya ndoo imefungwa unafuga ukungu wa sumukuvu, na hiyo sumu haiishi kwa kupika. Wadudu nao usipambane nao na dawa ndani ya chumba watoto wanalala, tafadhali. Tumia ile mifuko isiyopitisha hewa wakulima wananunua kwa maduka ya kilimo, ukiifunga vizuri wadudu wanakosa hewa wanakufa, ama kama mko na friza, maharagwe yakae ndani siku kadhaa kabla ya kuingia kwa ndoo. Na ndoo iwe ya chakula, ile ya mafuta ya kupikia ni nzuri, ya rangi hapana hata uoshe na sabuni ya aina gani.

Maji hapo mama atakuokoa, we ngoja. Maji ya Nairobi mengi yanatoka Ndakaini, na ukikaa Donholm mgao unaujua kuliko mimi. Kipimo cha kawaida ni kama lita nne kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika, nyinyi wawili, watoto watatu na yeye ni sita, siku tatu ni lita 72, jerikeni nne za ishirini. Zikae mbali na jua, zibadilishwe mara kwa mara, hizo ziko na heshima hata kwa nyumba ya ACK.

Jumatatu. Hiyo inaitwa jioni ya nyumbani, viongozi walianza kuihimiza 1915, na Jumatatu ikawekwa rasmi 1970. Familia inakaa pamoja, wimbo, maandiko kidogo, mchezo, na kitu ya kutafuna, mandazi ama njugu. Nusu saa inatosha, na kwa watoto wadogo nusu saa ni nyingi. Kitu pengine hakukwambia ni kwamba siku hizi familia inaruhusiwa kuchagua wakati unaowafaa, si lazima Jumatatu, ni kwamba tu Jumatatu jioni kanisa halipangi mikutano mingine. Kwa hivyo kama Jumatatu ndio mnaangalia kipindi chenu, mwambieni iwe Jumapili jioni ama Jumatano, atakubali. Ila nakuomba, usimwachie akae na watoto peke yao kama darasa. Kaeni wote, na zamu yako ikifika soma kitu cha kanisani kwenu, Biblia ni ile ile, na watoto waone mama na kukhu wao wanaomba pamoja bila kuvutana. Na hapa nikutoe wasiwasi ambao hukuuliza lakini nauona kati ya mistari: watoto kwetu wanabatizwa kuanzia miaka minane, na mtoto habatizwi bila ruhusa ya wazazi. Hawezi kumpeleka kimya kimya. Akienda nao Jumapili kuimba na watoto wengine ni wewe na bwanako mnaamua.

Jumapili yenyewe ni masaa mawili tu, ilipunguzwa kutoka tatu mwaka wa 2019. Hatanunua kitu siku hiyo, basi sukuma na mkate vinunuliwe Jumamosi ama uende dukani mwenyewe bila kumtuma. Jumapili ya kwanza ya mwezi anafunga, hali hanywi kwa muda wa milo miwili, pesa ya hicho chakula anatoa kwa ajili ya wasiojiweza. Kama ako na sukari au dawa za presha kwa sababu ya hayo macho, kufunga si lazima kwake, kanisa lenyewe linasema mgonjwa asijiumize, anatoa sadaka yake na anakula. Hilo mwanawe amwambie, mama zetu wanasikia mtoto wa kiume haraka, si haki lakini ndio hivyo.

Sasa daftari. Hili ndilo mtakosana nalo kama halitaongewa, na majirani wakisikia "anaandika wafu" basi tena.

Sisi tunaamini familia inaweza kuunganishwa milele, si mpaka kifo tu, na wale walikufa kabla ya kusikia wanaweza kubatizwa kwa niaba yao na mtu aliye hai, ndani ya hekalu. Huwa tunasoma 1 Wakorintho 15:29. Mtu aliye hai anaingia majini akiwa amevaa nyeupe, jina la marehemu linatajwa. Hakuna kaburi linaguswa, hakuna roho inaitwa, hakuna kuku. Na tunafundishwa marehemu ana uhuru wake wa kukubali ama kukataa, wala jina lake haliingii kwa orodha ya washiriki wa kanisa. Unaweza kukosa kuamini hata neno moja, ni sawa kabisa, lakini ujue ndicho kinachomkalisha hapo na kalamu. Kwake jina la mtu aliyesahaulika ni kama mtoto amebaki nje na mlango umefungwa.

Lakini kuna sheria, na hapa ndio nasimama na wewe. Kuandika jina kwa mti wa ukoo ni kitu kimoja, kulipeleka hekaluni ni kitu kingine kabisa. Kulipeleka, mshiriki anatakiwa ashughulike na watu wa ukoo wake mwenyewe. Cucu yako wa Murang'a si ukoo wake, ni wa wajukuu wake kupitia kwako. Tena mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita inahitajika ruhusa ya ndugu wa karibu zaidi aliye hai, mume ama mke, mtoto, mzazi, ndugu wa tumbo moja. Kama cucu ako kwa hiyo miaka, hata wewe mjukuu huwezi toa ruhusa peke yako wakati mama yako na wajomba zako wako hai. Basi jibu lako kwa mama linaweza kuwa fupi na la adabu: "Mama, la cucu nitaandika mimi kwa mti wa watoto, lakini hekaluni lisiende, hilo ni la mama yangu na ndugu zake kuamua." Mshauri yeyote wa kata yake, yaani ushirika wake wa kanisa, atamwambia vile vile.

Na maoni yangu ni uandike. Fungua akaunti yako kwa FamilySearch, ni bure, inaendeshwa na kanisa letu lakini si lazima uwe mshiriki, na watu walio hai wanafichwa wasionekane na kila mtu. Wakikuyu mko na bahati moja, majina yenu yenyewe ni mti, kijana wa kwanza anachukua la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wasichana hivyo hivyo, kwa hivyo ukijua watoto wa nyumba kwa mpangilio unaweza kurudi nyuma vizazi viwili ukiwa umekaa kwa kochi. Upande wa bwanako muulizeni mama marika ya tohara. Wabukusu wako na marika manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na embalu, yaani hiyo tohara, ni Agosti ya miaka ya shufwa, kwa hivyo mzee ambaye hakujua alizaliwa lini lakini anajua alitahiriwa na rika gani, unaweza kukaribia mwaka. Angalieni tu, majina ya marika yanazunguka na kurudi baada ya kama miaka mia, Nyange wa babu na Nyange wa babu wa babu si watu wa wakati mmoja, hiyo nimeona inavuruga miti mingi sana. Kama wazee wake walikuwa Wakatoliki kuna vitabu vya ubatizo vya misheni, kama walikuwa Friends, yaani Waquaker, hao hawabatizi na maji kwa hivyo usitafute cheti cha ubatizo, jaribu orodha za washirika na za shule. Na macho yake yakiwa mabaya, mtoto mkubwa amrekodi na simu akiongea, kukhu anasimulia, kijana anaandika. Hapo tayari umepata kazi ya likizo ya watoto.

Ya kumchangamsha mchana: mama wa umri huo kutoka Bungoma hajui kukaa bure, na hiyo ndiyo itamgonjesha kabla ya macho. Mpe magunia mawili ya udongo kwa balkoni ama kwa paa kama mwenye nyumba anakubali, apande saga na mrenda na kunde, hizo mboga za Nairobi za soko ukweli hazimfurahishi. Uzi na sindano ya kufuma vitambaa vya makochi bado anaweza kama macho yanaruhusu, achague uzi mnene wa rangi nyeupe au ya njano, mweusi unaumiza. Muhimu zaidi, akipata kata yake hapa mjini ataunganishwa na Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, hicho ni chama cha akina mama wetu, kilianzishwa 1842, na wako na kawaida ya kupeana akina mama wa kutembeleana. Wakija wawili mlangoni siku ya kazi usishtuke, hawajakuja kukuhubiria, wamekuja kumwona. Wape uji.

Kitu kimoja cha siri kidogo. Kama ameshaenda hekaluni anavaa nguo fulani nyeupe ndani, ni takatifu kwetu. Dada wa kazi aambiwe hizo mama atafua mwenyewe na aziache, na zisianikwe pale juu kwa paa mahali ploti nzima inapita, kamba ndani ya bafu inatosha. Usimuulize mbele ya watu, na watoto wasizichezee. Hilo tu likifanywa kimya kimya atakuheshimu kuliko zawadi yoyote utamnunulia.

Zaka ni asilimia kumi ya kile anapata yeye, kama bwanako anamtumia M-Pesa ni pesa yake, msimhesabie. Na wikendi za kwanza za Aprili na Oktoba kuna Mkutano Mkuu kutoka Utah, unatafsiriwa kwa Kiswahili, ule wa asubuhi ya huko unafika kwetu saa moja jioni, ule wa mchana saa tano usiku. Huo wa saa moja mpeni tv bila kunung'unika, wa saa tano ataangalia kesho yake kwa simu, mumpatie bando, nyinyi mlale watoto wako na shule.